Mche wa Tatu wa Sabuni

Jumamosi, 15 Novemba 1997

Siku kubwa! Leo nimeuelewa uchumi wa soko huria. Ilinichukua kama dakika nne hivi, nikiwa nimesimama.

Vicent, yule mtu wa Moshi aliyefungua duka la kujihudumia karibu na stendi ya Tukuyu, ametundika kibao kipya. Duka lake ni la aina yake. Unaingia mwenyewe, unachukua kikapu cha plastiki, unajichagulia kwenye shelfu, kisha unalipa mlangoni kwa binti anayeitwa Belinda. Vikapu viko vinne. Wazee wengi bado wanasimama nje wakisubiri kuhudumiwa. Mimi niliingia moja kwa moja, maana duka kwangu si kitu kigeni.

Kibao kinasema: NUNUA MICHE MIWILI YA SABUNI, WA TATU BURE. MTEJA MMOJA, OFA MOJA.

Nilikisoma mara tatu. Nimekuwa karani wa duka la ushirika miaka kumi na tisa, mpaka lilipofungwa. Enzi zetu mtu akitaka kilo ya sukari tulimfungashia na kopo la dawa ya viatu, atake asitake. Hata wasio na viatu walichukua. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara. Sasa huyu Vicent badala ya kulazimisha, anagawa! Nilimhurumia sana. Hafiki Krismasi.

Jioni Sekela, mke wangu, alinikabidhi shilingi elfu tatu na mia sita. Ameuza majogoo wawili kuzipata. Ni za viatu vyeupe vya binti yetu Tulia, anayepata kipaimara Jumapili ya tarehe 23. Generosa, muuza mitumba sokoni, amevificha chini ya meza yake, namba thelathini na saba, na ameahidi kuvishikilia mpaka Jumamosi saa sita mchana. Sekela kesho anakwenda Nkunga kumuuguza dada yake, atakaa wiki nzima, kwa hiyo kazi ya viatu ni yangu. Alinikumbusha mara tatu kwamba fedha hiyo ni ya viatu, si ya kitu kingine. Nilimuuliza kama ananifahamu. Alisema ndiyo, ndiyo maana anarudia.

Jumapili, 16 Novemba

Hesabu ilinijia wakati wa mahubiri.

Mche mmoja ni mia sita. Ofa moja ni elfu moja na mia mbili, unatoka na miche mitatu. Kwa fedha niliyo nayo napata ofa tatu. Miche tisa! Nikiuza kila mmoja mia sita ni elfu tano na mia nne. Nalipia viatu, na elfu moja na mia nane inabaki mfukoni. Nitamwongezea Tulia soksi zenye marinda. Nitanunua na nyama. Mama Tulia atanitazama kwa jicho jingine.

Ambindwile, jirani yangu mwenye kibanda cha bidhaa, alikuwa amekaa benchi la mbele yangu. Aligeuka akaniuliza nahesabu nini kwenye vidole. Nikamwambia amri kumi. Akasema nimefika kumi na nane.

Kuna kikwazo kimoja tu: mteja mmoja, ofa moja. Wateja watatu wanatakiwa. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Anyelwisye, rafiki yangu tangu ushirika, hana kazi na ana uso wa kuaminika. Wa tatu atakuwa Jenifer, mke wa mwanangu Lusungu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kumhusisha Jenifer kunahitaji akili. Kwa mila zetu mkwe na baba mkwe hawaonani. Akiniona njiani anapita kichakani. Nikimwona mimi nageuza uso. Mchungaji anasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mimi nashika yote mawili, Injili na mila, kwa sababu sijui ni lipi litaulizwa kwanza.

Kwa hiyo nilimtuma Tulia awe mdomo wangu. Jenifer akajibu kupitia kwa Tulia kwamba atakuja, ila anauliza kama baba atakuwepo. Nikamrudisha Tulia na ratiba: mimi naingia saa tatu, Anyelwisye saa tatu na nusu, Jenifer saa nne kamili. Atakapofika nitakuwa mbali kabisa.

Tulia alitaka kujua fedha ya sabuni imetoka wapi. Nilimwambia kwenye akiba. Akaniangalia. Akauliza akiba ipi. Nikamkumbusha kwamba anayejiandaa kwa kipaimara anatakiwa kuwa mtulivu.

Jumanne, 18 Novemba

Mpango umefaulu kwa sehemu kubwa. Naandika yote kwa utaratibu.

Saa tatu niliingia, nikalipa, nikatoka na miche mitatu. Belinda hakushtuka hata kidogo. Nilisimama ng'ambo ya barabara chini ya upenu wa fundi saa, nikatazama.

Saa tatu na nusu aliingia Anyelwisye na fedha niliyompa. Dakika tano. Dakika kumi. Hatoki! Kelele zikaanza. Kumbe baada ya kupewa miche mitatu aliomba nyongeza. Belinda akamweleza kwamba huo wa tatu ndiyo nyongeza. Anyelwisye akakataa katakata. Akasema wa tatu umeandikwa ukutani, kwa hiyo ni haki ya mteja. Nyongeza ni ile inayotoka moyoni mwa muuzaji. Wateja wote wakamuunga mkono. Mama mmoja akasema hata sokoni kwenye maparachichi huwezi kuondoka hivihivi, hiyo ni kufukuzwa. Vicent akaitwa. Mjadala ukawa mkubwa.

Ikawa saa nne kasoro. Niliona mpango unaharibika, nikavuka barabara kwenda kumtoa Anyelwisye. Nilipofika ndani, katikati ya shelfu, nikamsikia Belinda akisema karibu dada.

Jenifer. Kwa kutunza saa ana nidhamu, siwezi kumlaumu.

Duka lina njia moja na mlango mmoja. Jenifer aliniona, akajifunika khanga kichwani, akageukia shelfu. Mimi nikavuta koti juu ya kichwa, nikageukia ukuta. Hapo ndipo kila mmoja, kwa heshima kubwa, akaanza kurudi kinyumenyume kumpisha mwenzake. Hakuna aliyekuwa anaona. Watu walikuwa wanapiga kelele, wengine wakituambia kushoto, wengine kulia. Katikati yetu kulikuwa na trei ya mayai. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwepo, maana bila mayai tungegusana.

Mayai thelathini. Lilibaki moja.

Vicent alidai elfu moja na mia mbili. Nilimweleza habari za mila. Akasema Moshi nako kuna mila, na mojawapo ni kulipa. Fedha ya ofa ya tatu ilikuwa mkononi mwa Jenifer. Aliiweka juu ya meza bila kugeuka, akatoka mbio. Anyelwisye naye akapewa pipi mbili, ndiyo nyongeza yake. Hakunipa hata moja.

Lakini nimekaa nyumbani nimehesabu upya. Ninayo miche sita. Sita mara mia sita ni elfu tatu na mia sita. Fedha ya viatu iko palepale! Mtu mwingine angevunja mayai yote yale angekuwa hasarani. Mimi nimerudi pale nilipoanzia.

Jumatano, 19 Novemba

Nilianza na Ambindwile, kumpa nafasi kama jirani. Nilimwambia namuuzia miche yote sita kwa mia sita kila mmoja. Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akanionyesha miche yake mwenyewe, sabuni ileile, karatasi ileile. Anauza mia nne.

Nilizunguka soko lote. Mia nne. Mia nne. Mama mmoja mia tatu na themanini.

Nilirudi kwa Ambindwile kumweleza kwamba soko zima limekosea bei. Akaniambia hata kwa Vicent ilikuwa mia nne mpaka Ijumaa iliyopita. Siku aliyotundika kibao ndiyo siku aliyopandisha ikawa mia sita. Akaniomba nichukue elfu moja na mia mbili niigawe kwa tatu. Nilikataa. Tangu ushirika mimi si mtu wa kugawa. Biashara ni kujumlisha na kuzidisha. Aliendelea kueleza kwa sauti ya upole, kama mwalimu wa darasa la pili, kwamba hakuna mche wa bure pale, tumelipia yote mitatu. Eti Vicent hajatoa hata senti, ameuza tatu kwa mtu aliyetaka moja.

Wivu ni ugonjwa. Mwishowe akasema atanisaidia, atachukua yote kwa mia tatu na hamsini. Nilimwambia heri niogee zote.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua kutwa. Hawa watu wa redio wanaiita Elinino. Nilikaa ndani nikafikiri.

Nimegundua nilipokosea. Nilinunua sabuni, kumbe cha kununua kilikuwa kibao! Watu hawakuingia kwa Vicent kwa ajili ya sabuni, sabuni iko kila mahali. Waliingia kwa ajili ya maneno. Na maneno hayana mwenyewe.

Nilichukua ubavu wa boksi, nikaandika kwa mkaa, herufi kubwa: NUNUA MICHE MIWILI, WA TATU BURE. Bei mia sita. Kesho naenda Kisondela. Wale ni watu wa migomba na maparachichi, hawana habari za Vicent.

Tulia aliniuliza kama nimeshakwenda kwa mama Generosa. Nilimwambia viatu viko njiani. Akasema vipo chini ya meza, ameviona mchana alipotoka shule, hata kavijaribu, vimemkaa. Aliniambia na jinsi kisigino kinavyolia kwenye sakafu. Sijawahi kumwona amefurahi namna ile kwa kitu cha dukani. Ilinibidi nitoke nje nikatazame mvua.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeuza yote! Miche sita kwa muda usiozidi saa moja. Vicent hajawahi kuuza kwa kasi hiyo.

Nilifika Kisondela nimelowa mpaka nguo za ndani. Nikasimama njia panda karibu na kanisa, nikainua kibao. Wa kwanza kusimama alikuwa bibi mmoja, Tupokigwe, ana mgongo uliopinda na macho makali. Hakujua kusoma, nikamsomea. Alifurahi mno. Akasema ndaga, ndaga fijo, asante sana, Mungu akubariki mwanangu kwa hiyo ya bure. Akaichukua kabisa, akaiweka kwenye kikapu chake.

Kisha akaanza kupatana bei ya ile miwili.

Jambo hili sikuliwazia. Kwa Vicent bei imebandikwa kwenye shelfu, hakuna wa kubishana nayo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mdomo wangu. Bibi akaanzia mia mbili. Nikasema mia sita. Akaniuliza kama nina mama. Akaniuliza kama mama yangu aliwahi kuuziwa sabuni mia sita. Watu wakajaa. Tukafika mia tatu, na mimi nikakubali, kwa sababu biashara ni maelewano. Akatoa mia sita yake. Nilimwambia kwa bei hiyo ya bure airudishe. Akashangaa. "Tata," akasema, yaani baba, "ya bure umenipa mwenyewe kabla hatujaanza kuongea. Sasa unataka kuniibia?"

Umati ukaguna. Nikamwachia.

Halafu akaomba nyongeza!

Nilimweleza kwamba ile ya tatu ndiyo nyongeza. Nilisikia sauti yangu ikisema maneno ya Belinda, hata mimi nilishangaa. Bibi akajibu yaleyale ya Anyelwisye: kilichoandikwa ni cha kibao, nyongeza ni yangu mimi. Nikampa penseli.

Miche mitatu iliyobaki aliichukua binti yake kwa masharti yaleyale ya mama yake. Hakuwa na fedha, akanipa mkungu wa ndizi. Yeye nyongeza yake ilikuwa kibao chenyewe, anasema kitafaa kuzibia dirisha. Nilirudi Tukuyu kwa miguu na mkungu kichwani, utelezi mtupu, nilianguka mara mbili na ndizi zikawa juu yangu.

Hata hivyo, mauzo ni mauzo.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilifika kwa Generosa saa tano na nusu na mia sita na mkungu wa ndizi. Alivitoa viatu chini ya meza, akavifuta kwa kitambaa, vinang'aa. Akaniuliza fedha. Nikamweleza thamani ya mkungu ule, ukubwa wake, umbali uliotoka. Aliniuliza kwa upole kama nafahamu kwamba tuko Rungwe. Akasema ndizi nyumbani kwake zinaanguka zenyewe, ng'ombe wamezikinai. Niliomba anisubiri mpaka Jumatatu. Akasema hawezi kunipa bila fedha, lakini pia hana mteja mwingine wa namba hiyo, ataviweka tu mezani. Saa sita ikapita nimesimama pale.

Sekela alirudi kutoka Nkunga saa nane. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kuanzia kibao. Nilichora na mchoro sakafuni. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua gauni la Tulia lenye doa la chai kidogo begani, akaniambia, "Baba Tulia, basi nipe sabuni nifue gauni la mtoto."

Hakukuwa na sabuni nyumbani. Hata kipande.

Akachukua mia yangu mbili kati ya zile sita, akaenda kununua nusu mche kwa Ambindwile. Ambindwile alimwongezea kipande. Tulia alikuwa amekaa jikoni. Baadaye nilimsikia analia nyuma ya nyumba. Roho iliniuma. Naliandika hilo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumapili, 23 Novemba

Kipaimara.

Sekela alisugua raba za shule za Tulia, zile za kitambaa, kisha akazipaka chaki iliyolowekwa, mara tatu. Zilipokauka zilikuwa nyeupe kuliko hata viatu vya Generosa. Nilisema hivyo. Sekela akaenda kuvaa.

Tulipokaribia kanisani mvua ikanyesha. Tulia akakimbia, lakini mvua haikimbiwi. Vijana ishirini na wanane walipanga mstari, wakaingia. Sakafu yetu ya kanisa ni ya saruji nyekundu, kina mama walikuwa wameing'arisha tangu Ijumaa. Tulia alikuwa wa tano. Kila alipokanyaga alibakiza unyayo mweupe. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni. Walio nyuma yake wakaanza kuzikwepa nyayo, mstari wote ukapinda.

Watu waliangalia chini, kisha wakaniangalia mimi. Nilitamani sakafu ipasuke. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu ushirika ulipokaguliwa.

Tulia hakuangalia chini. Wakati wa kujibu maswali alijibu kwa sauti kuliko wote, hata Mchungaji akatabasamu. Akarudi kwenye nafasi yake kwa njia ileile, raba zikiwa zimeshabadilika kuwa za kijivu. Nilifuta macho kwa leso. Ambindwile akanipa yake kwa sababu yangu ilikuwa na mkaa.

Nimeapa palepale, mbele ya madhabahu: sitagusa tena ofa ya mtu yeyote.

Jumatatu, 24 Novemba

Asubuhi sana Tulia alikuja nilipokuwa nakata majani ya ng'ombe. Alikuwa na bahasha. Jana watu walimtunza, na baada ya kutoa sadaka alibakiwa na elfu nne. Akahesabu elfu tatu na mia sita, akaniwekea mkononi. Akasema niende nikavilete vile viatu, kwaya inakwenda Mbeya wiki ijayo na yeye ataimba mbele. Akasema na jambo jingine, hilo alilisema akiangalia majani: mama asiambiwe fedha imetoka wapi. Aambiwe tu kwamba baba amevileta.

Mtoto wa miaka kumi na minne! Nilimshika kichwa nikamwombea. Nilivaa koti nikaondoka bila hata chai. Njia nzima nilijisemea: kwa Generosa, moja kwa moja, kisha nyumbani.

Nimefika sokoni saa tatu. Generosa bado hajafungua, jirani yake anasema Jumatatu huja saa nne. Viatu viko ndani ya sanduku lake, salama. Nina saa nzima.

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi za duka la Vicent, kwa sababu ya mvua tu. Wameondoa kile kibao cha zamani, wameweka kingine: NUNUA MITANO, MIWILI BURE.

Miwili! Sasa naona wazi kosa langu lilikuwa nini. Ofa ya kwanza ilikuwa ndogo mno, mtu huwezi kuonja faida kwa mche mmoja. Tena safari hii sihitaji Anyelwisye wala Jenifer, ofa moja inatosha: mitano kwa elfu tatu, napata saba, na mia sita inabaki ya dharura. Soko litakuwa limeshapanda bei kwa ajili ya Krismasi. Kufikia saa nne kasoro robo nitakuwa nimeuza yote, Tulia anapata viatu, na elfu moja nzima namwongezea juu.

Belinda ameniona dirishani. Amesogeza trei za mayai, anaziweka juu kabisa. Ni ishara nzuri, wamejifunza.